Gari Likichemsha, Feni Isilaumiwe Kwanza

Umezuka mtindo katika gereji nyingi za Nairobi ambao naona wafaa kujadiliwa hadharani, hata na sisi ambao kazi yetu ni kufundisha lugha. Gari kuukuu likichemsha mara mbili tatu katika foleni ya Barabara ya Ngong, mwenye gari hushauriwa aing'oe feni inayozungushwa na injini, atie feni ya stima mahali pake. Ushauri huu hutolewa upesi, aghalabu kabla fundi hajakifungua kifuniko cha rejeta. Upande wa pili wapo wapenzi wa magari ya kale, wale wanaoyang'arisha kwa ajili ya mashindano ya Concours d'Elegance katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, si mbali na Kibera. Kwao, kutia feni ya stima ndani ya gari la mwaka 1968 ni kufuru. Nimewasikiliza wote kwa muda mrefu. Yaonekana makundi haya mawili yanabishana juu ya chombo bila ya kuuliza chombo chenyewe kina kazi gani.

Nianze na lugha, maadamu ndiyo riziki yangu. Mafundi wa Kongo, kule Kawangware, na wenzao wa Kibera husema "gari linachemsha". Mwalimu wa sarufi atashtuka kidogo. Kitenzi "chemka" hakihitaji yambwa; maji huchemka, basi. "Chemsha" ni kauli ya kutendesha, nayo yahitaji anayechemsha na kinachochemshwa. Mama anachemsha maziwa. Je, gari linachemsha nini? Linachemsha maji yake, naam, lakini yambwa imekwisha kudondoshwa, na baada ya kudondoka katika sentensi ni rahisi idondoke katika fikra pia. Maji husahauliwa. Hubaki gari lenye kosa, na feni, kwa kuwa iko mbele ya macho na inapiga kelele, ndiyo inayokamatwa kuwa mshukiwa. Sidai kwamba sarufi huunguza injini. Nasema tu kwamba swali la kwanza kwa gari linalochemsha lingekuwa lile tunalomfundisha mtoto wa shule ya msingi: linachemsha nini, na kwa nini?

Kuna neno jingine la kuchekesha katika mjadala huu. Kamusi zetu hulieleza "pangaboi" kuwa ni feni. Asili yake ni "panka" ya Kihindi na "boi" wa Kiingereza, yaani mtumishi aliyeketi akivuta kamba siku nzima ili bwana wake apate upepo. Mtumishi alipoondoka, jina lake lilihamia kwenye mashine. Nayo "stima" ilikuwa meli ya mvuke kabla Wakenya hawajaamua kuuita umeme kwa jina hilo. Kwa hiyo mafundi wanapobishana juu ya feni ya belti na feni ya stima, wanalirudia swali la kale la pangaboi: nani aivute kamba, na nani amwambie lini aivute?

Katika magari mengi ya zamani anayevuta kamba ni injini. Feni hufungwa juu ya ekseli ya pampu ya maji, na belti kutoka kwenye krenki huzizungusha zote mbili kwa pamoja. Uzuri wa mpango huu ni usahili wake. Hakuna waya wa kukatika wala fyuzi ya kuungua, na maadamu injini inazunguka, feni nayo inazunguka. Ubaya wake ni kwamba feni hiyo huisikiliza injini tu. Maji hayaulizwi lolote. Gari likisimama katika njia panda ya Dagoretti Corner, injini huzunguka mara 800 hivi kwa dakika. Likienda kasi katika barabara kuu ya Nakuru, huzunguka mara 3,200 au zaidi. Feni hufanya kazi ndogo kabisa pale ambapo hakuna upepo wa mwendo na msaada wake ungehitajika mno. Hufanya kazi kubwa kabisa pale ambapo upepo wa mwendo watosha wenyewe kulipoza gari.

Walimu wa fizikia wanajua hesabu yake, nao wanafunzi wangefaidika kuifanya. Kiasi cha hewa inayosukumwa na feni huongezeka sawasawa na mzunguko wake, lakini nguvu inayoliwa na feni huongezeka kwa kipeo cha tatu cha mzunguko huo. Kutoka 800 hadi 3,200 ni mara nne. Hewa huwa mara nne, na nguvu huwa mara nne kwa nne kwa nne, yaani mara 64. Hayo ni mafuta yanayochomwa ili kutengeneza upepo usiohitajiwa na mtu.

Wahandisi hawakungoja mafundi wetu walitambue jambo hili. Peugeot 404, iliyotolewa mwaka 1960, ilikuja na feni ya belti yenye sumaku ya umeme ndani ya kitovu chake. Maji yakipata moto, swichi ya joto hupeleka umeme, sumaku hushika, na feni huzunguka pamoja na belti. Maji yakipoa, sumaku huachia. Hiyo ni feni ya injini inayowasiliana na maji. Gari hilo ndilo lililoshinda mbio za Safari mwaka 1963, likashinda tena mara tatu mfululizo kati ya 1966 na 1968. Mdogo wake, 504, aliyeshinda 1975 na 1978, aliurithi mpango huo katika matoleo mengi. Wenye umri wangu wanazikumbuka 504 ndefu zilizokuwa zikibeba abiria kwenda Nakuru na Kisumu, watu wakiwa wamebanana kama vitabu katika rafu. Nyingi za zile zilizosalia leo hazina tena sumaku inayofanya kazi. Sumaku ilipochoka, fundi alipiga bolti, feni ikafungwa moja kwa moja kwenye puli yake, na akili yote iliyokuwa ndani ya kitovu kile ikazimwa kwa spana namba 10.

Feni ya stima nayo haikuenea duniani kwa sababu ya foleni. Ilienea hasa kwa sababu ya namna injini ilivyolazwa. Magari yaliyokuwa na injini iliyokaa kimapana, yenye kuvuta kwa magurudumu ya mbele, yalikuwa na krenki inayoelekea ubavuni ilhali rejeta inaelekea mbele. Belti isingeweza kuizungusha feni kwa urahisi. Fiat 128 ya mwaka 1969 ilitumia feni yenye mota, na tangu hapo karibu magari yote madogo yamefuata njia hiyo. Faida ya pili, ile ya kuyasikiliza maji, ilipatikana karibu kama nyongeza tu. Hata hivyo, ni nyongeza kubwa. Mota haijali injini inazunguka mara ngapi. Gari likiwa limesimama kwa nusu saa, feni yake hutoa upepo uleule ambao ingeutoa likiwa mwendoni.

Hapo ndipo ninapokubaliana na wanaoitetea feni ya stima. Mhandisi aliyeichora 404 hakuwaza gari litakalotumia saa nzima kutoka Kibera hadi katikati ya jiji. Feni iliyowekewa barabara wazi haitoshi kwa foleni, na anayemkataza mwenye gari asiibadilishe kwa sababu ya usafi wa historia amejisahaulisha kwamba gari hilo lingali linampeleka mtu kazini.

Lakini Nairobi ina jambo lake jingine, nalo ni mwinuko. Kawangware iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka yanapofikia nyuzi 94 hivi za sentigredi, wala hayafiki 100. Tena hewa yenyewe ni nyepesi: kila pigo la feni hapa huokota takriban sehemu moja ya sita pungufu ya hewa ambayo lingeiokota Mombasa. Ni kweli kwamba hewa yetu ni baridi zaidi, na hiyo hutufidia. Hata hivyo nafasi ni finyu. Kama thamostati hufunguka kwenye nyuzi 82, basi kati ya kufunguka kwake na kuchemka kwa maji pana nyuzi 12 tu. Kinachotuokoa ni kile kifuniko cha rejeta ambacho watu hukidharau. Kifuniko cha pauni 7 kwa kila inchi mraba hulipandisha joto la kuchemka kwa takriban nyuzi 10. Mpira wake ukipasuka, nyuzi hizo 10 hupotea, na gari huanza kuchemsha ilhali feni yake haina kosa lolote. Ni sababu hiyohiyo inayokifanya kifuniko kiwe hatari. Maji yaliyozuiliwa yasichemke hugeuka mvuke mara tu kifuniko kinapofunguliwa, na kijana anayejifunza kazi, akitumwa kukifungua bila ya kuonywa, huungua uso na mikono. Jambo hili lastahili kusemwa darasani kabla halijasemwa hospitalini.

Sasa niseme juu ya mwalimu mstaafu mmoja ninayemfahamu, mwenye 504 nyeupe aliyoinunua alipokuwa bado akifundisha. Gari lilianza kuchemsha. Alilipeleka katika gereji moja ya mjini, akaambiwa feni yake ni ya zamani na haifai tena. Alilipa, akatiwa feni ya stima yenye sauti kubwa ya kutia moyo. Kabla ya miezi miwili kupita, gari lilichemsha tena katika foleni, safari hii hadi gasketi ya silinda hedi ikaungua na hedi yenyewe ikapinda. Kwa mtu anayeishi kwa pensheni hilo si jambo dogo. Fedha alizokuwa amemtengea mjukuu kwa karo zilikwenda kwa fundi wa kuchonga hedi.

Baada ya matengenezo hayo gari lilipelekwa Kongo, kwa kijana aliyeacha shule akiwa kidato cha pili. Hakuigusa feni. Aliacha injini ipate moto, akaizima, akapitisha kiganja chake polepole juu ya uso wa rejeta, kama daktari anayepapasa tumbo la mgonjwa. Juu palikuwa na moto. Chini, karibu nusu ya rejeta nzima, palikuwa na ubaridi. "Mwalimu," alimwambia mzee, "huku chini maji hayapiti. Feni inavuta hewa kwa mabomba matupu." Alipoulizwa kwa nini basi feni mpya haikusaidia, alijibu maneno ambayo nimeyanukuu mara nyingi tangu siku hiyo: "Feni haina baridi. Baridi iko kwa hewa, feni inaivuta tu."

Msahihishaji wa insha ataweka alama nyekundu chini ya "iko kwa hewa". Nami ningeiweka. Lakini katika sentensi hiyo fupi mna sura nzima ya kitabu cha fizikia. Feni haipozi kitu. Hewa ndiyo huuchukua ujoto kutoka kwenye mapezi ya rejeta, na mapezi huupokea kutoka kwenye mabomba, na mabomba kutoka kwa maji. Kiungo kimoja kikikatika, feni yoyote, ya belti au ya stima, hupuliza bure. Takriban thuluthi ya nguvu iliyomo ndani ya petroli huishia katika maji hayo. Pasipo na njia ya kutokea, lazima maji yachemke.

Rejeta ile ilifunguliwa tangi la juu kwa moto, mabomba yakapitishwa vyuma vyembamba kimoja kimoja, kutu ikatoka kama matope ya chai, kisha tangi likalehemewa. Hii ndiyo nafuu ya gari la kale: rejeta zake ni za shaba, hukubali kufunguliwa na kufungwa tena. Za kisasa zenye matangi ya plastiki hazikubali. Chanzo cha kutu hiyo hakikuwa siri. Kwa miaka mingi gari lilikuwa likitiwa maji matupu, mara ya bomba, mara ya kisima, mara ya mtungi ulionunuliwa kando ya njia, pasipo dawa ya kuzuia kutu. Fauka ya hayo, thamostati ilikuwa imekwisha kutolewa zamani na fundi fulani aliyeamini kwamba mlango ukivunjwa nyumba hupata hewa. Thamostati ikitolewa, injini huchelewa kupata joto lake, mafuta huliwa zaidi, na ugonjwa wa rejeta hufichika mpaka umekomaa.

Feni ya stima haikutolewa. Kijana alisema sasa itakuwa na faida, kwa sharti aifunge upya, kwa kuwa waliomtangulia waliifunga vibaya. Nimeona gari nyingi zenye kasoro hizohizo. Feni huunganishwa "dairekti", isimame tu pale ufunguo unapozimwa, au hupewa swichi ya mkono chini ya usukani. Hapo injini haiulizwi tena, lakini nayo maji hayaulizwi. Anayeulizwa ni dereva, naye anazungumza na abiria. Feni ya namna hiyo ni pangaboi mwenye usingizi. Inayofaa hupata amri kutoka kwenye swichi ya joto iliyozama ndani ya maji, na umeme wake hupita katika rilei na fyuzi, sio katika waya mwembamba uliochomolewa kwenye taa ya gari jingine.

Umeme wenyewe nao una hesabu yake. Feni ya kawaida ya stima hula amperi 10 hadi 20. Gari la miaka ya 60 lenye dainamo hutoa amperi 20 na ushei, tena likiwa mwendoni. Likisimama katika foleni dainamo haitoi karibu kitu. Washa taa usiku, washa waipa kwenye mvua ya Aprili, kisha iombe betri ile ile izungushe feni. Maji hayatachemka, lakini gari halitawaka kesho yake asubuhi. Mwenye dainamo anayeitaka feni ya stima atie alteneta kwanza. Anayedhani kwamba feni ya stima itamwokoa belti ikikatika ajue pia kwamba pampu ya maji ingali inategemea belti hiyohiyo.

Nisiwaache wapenzi wa magari ya kale bila ya neno. Yapo magari ambayo feni yake haiwezi kubadilishwa bila ya kuyageuza kuwa kitu kingine. Volkswagen ile yenye umbo la kobe, iliyoshinda Safari mwaka 1962, haina rejeta wala maji. Feni yake hukaa pamoja na dainamo juu ya belti moja, nayo huupoza mwili wa injini wenyewe kwa hewa. Hapo taa nyekundu ya dainamo ni taarifa ya feni pia, na dereva aliyefunzwa vizuri huzima injini papo hapo. Huo ni usanifu wenye adabu yake, na ningemtetea yeyote anayetaka kuuhifadhi jinsi ulivyo. Lakini kwa gari la maji linaloingia mjini kila siku, kuhifadhi hakuhitaji kuteseka. Ifunge feni mpya bila ya kutoboa tundu lolote katika chuma cha asili, isifungwe kwa vibanio vilivyopenyezwa kati ya mapezi ya rejeta, na ile ya zamani iwekwe katika gunia kavu pamoja na bolti zake. Atakayelirithi gari ataamua mwenyewe.

Linalonikera zaidi ya feni zote ni kwamba yule kijana wa Kongo, akiulizwa fizikia yake katika mtihani, ataulizwa kwa Kiingereza. Analijua neno "rejeta", anajua maji huingia kwa juu na kutoka kwa chini, na anajua kwa kiganja chake jambo ambalo mtahini huliuliza kwa mchoro. Wakati huohuo, yule mtahiniwa aliyepata alama ya juu katika karatasi ya joto huamini, kama wengi wa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, kwamba feni ya chumbani huifanya hewa iwe baridi. Nimewauliza kwa miaka kadhaa, na wengi hujibu hivyo bila ya kusita. Mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017 husema mwanafunzi aonyeshe anachoweza kukifanya. Vema. Shule zilizoko kati ya Kibera na Kawangware zina maabara ya joto kila upande wa ukuta, haina kodi wala haihitaji barua kutoka wizarani. Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiswahili waende pamoja, mmoja abebe kipimajoto, mwingine daftari la msamiati.

Wakifika, waanze na jaribio ambalo mafundi hulifanya kila wanapomaliza kufunga feni ya stima, kwa maana mota hukubali kuzunguka pande zote mbili bila ya kulalamika. Injini huwashwa, feni ikaanza kuzunguka, na kijana akaleta ukurasa mmoja wa gazeti mbele ya rejeta. Ukurasa ukivutwa ukagandama kwenye mapezi, kazi imekwisha. Ukisukumwa ukaanguka chini, nyaya zimegeuzwa, na feni inapigana na upepo wa mwendo.